Pampu Chini ya Kitanda cha Mwakisu

Kitanda cha mama kilichongwa Gazi kwa mbao za mbambakofi kabla mimi sijazaliwa. Kamba zake za mwakisu zimefumwa upya mara nyingi, lakini miguu ni ile ile, na juu yake mama amezaa watoto wake wote. Kiharusi kilipompooza upande wa kulia, akalazwa hospitali ya rufaa ya Msambweni na kisha akaruhusiwa kurudi Mwabungo, hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia kwamba kitanda kile hakimfai tena. Tulimlaza chumba cha mbele, karibu na dirisha, apate kuwasikia wapita njia wakipiga hodi na kumpa pole.

Wauguzi wa Msambweni walitufundisha kabla hatujaondoka. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, chali. Mto uwe katikati ya magoti, na visigino visiguse godoro. Mwanzoni nyumba ilijaa watu na kila mtu alikuwa na mkono wa kusaidia. Kisha wageni wakarudi makwao Kikoneni na Likoni, kaka akarudi kwenye zamu zake za hoteli Diani, masika yakaingia na shamba likadai watu. Saa mbili zikawa nne. Usiku ukawa ni usiku kucha kwa ubavu mmoja, au chali, maana chali ndivyo mama alivyopenda.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeiona alama, siku moja alipokuwa akimwosha. Ilikuwa juu ya mfupa wa mkia, haizidi shilingi ishirini kwa upana. Shangazi alisema ni joto, apakwe poda. Wifi akaibonyeza kwa kidole, akahisi ngozi pale ni ngumu na ina moto kuliko pembeni yake. Vitabu vingi vya uuguzi vimefundisha watu kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Unaona weusi uliozidi, pengine rangi ya zambarau, ngozi inayong'aa, au unahisi kwa mkono joto, ubaridi, ugumu au ulaini usio wa kawaida. Mwenye kungoja wekundu huku kwetu atangoja mpaka ngozi ichanike. Ya mama ilichanika.

Chanzo chake si uchafu, na hili nalisema kwa sababu wifi aliteta na nafsi yake wiki nzima akidhani watu watamwona hakumwosha mama vizuri. Ngozi na nyama hulishwa na mishipa myembamba mno ya damu. Mtu akilala bila kujigeuza, uzito wa mwili huibana mishipa hiyo kati ya mfupa na kitanda, kama mpira wa bustani uliokanyagwa, na nyama iliyo chini huanza kufa. Mara nyingi uozo huanzia ndani, karibu na mfupa, na ngozi ndiyo inayokuja kutoa habari mwisho. Mwenye afya hapatwi na hayo kwa sababu anajipindua usingizini bila kujua. Aliyepooza hawezi, na mkojo na jasho vikimlainisha ngozi, mambo yanakwenda kasi zaidi.

Habari za kidonda zilisambaa, na kila mtu akaja na dawa yake. Mjomba, kaka yake mama, alitoka Kinondo na mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Aliujaza upepo kiasi, akauzungushia leso, na akaeleza kwamba mama akae juu yake ili kidonda kibaki kwenye tundu la katikati, kisiguswe na kitu. Shangazi alileta mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, apate kupakanda pale palipokuwa pagumu mpaka palainike. Jirani wa upande wa kisimani alileta chupa ya spiriti. Wote walikuja kwa mapenzi, na wote walikuwa na mtu waliyewahi kumwona akipona hivyo.

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu, mmoja wa wale zaidi ya laki moja waliozinduliwa nchi nzima mwaka 2023, alikuwa na mkoba wenye mashine ya presha na kipima sukari, lakini hakuwa na cha kidonda. Alichofanya ni kikubwa zaidi: alimleta sista wa zahanati mpaka chumbani. Sista alimsalimu mama kwanza, akampa shikamoo yake, akamwomba ruhusa ya kumtazama. Ndipo akageukia vile vitu vilivyopangwa juu ya meza.

"Mjomba, hili duara linabana damu kote kuzunguka kidonda. Kitapanuka kufuata umbo lake."

Mpira ukatolewa nje. Spiriti nayo, alisema, inaua nyama changa inayojaribu kuota. Kuhusu kukanda, alimshika shangazi mkono na kumwonyesha: pale palipoumia mishipa imeshavunjika ndani, kupasugua ni kuivunja zaidi. Hata asali, ambayo shangazi aliitaja kama turufu yake ya mwisho, ina heshima yake hospitalini, ila ile ya kutibia vidonda imesafishwa kwa kazi hiyo. Ya chupa ya sokoni irudi jikoni. Shangazi alinuna mpaka alasiri. Baadaye sista alimpa kazi ya kupaka mafuta yake miguuni na mgongoni, penye ngozi nzima, kwa mkono mwepesi, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kazi ile isipokuwa yeye.

Sista ndiye aliyetaja godoro la hewa. Kaka na wenzake wa hoteli walichanga, na likapatikana katika duka moja Mombasa, ambako muuzaji alipokea pesa, akafunga boksi, asiseme neno hata moja la jinsi ya kulitumia. Kaka alivuka nalo feri ya Likoni amelipakata mapajani, akaingia nalo Mwabungo usiku. Lilikuwa shuka nene la plastiki lenye safu kwa safu za vifuko vya hewa, mipira miwili myembamba, na pampu ndogo inayobebeka kwa mkono mmoja. Ndani ya vifuko mna makundi mawili. Kundi moja likijaa, la pili linapungua, na baada ya dakika kama kumi yanabadilishana, ili pasiwe na mahali pa mwili panapobeba uzito muda wote.

Tulilitandika juu ya kamba. Pampu imetengenezwa kuning'inizwa kwenye ubao wa miguuni, na mwakisu wa mama hauna ubao huo, kwa hiyo ikawekwa sakafuni, chini ya kitanda. Kaka alizungusha kitufe mpaka mwisho ili godoro lipate nguvu. Tukazima taa.

Haikupita muda mama akaita, kwa ile sauti yake mpya iliyokuwa nzito upande mmoja. "Kuna mtu anapumua chini ya kitanda." Tulimsikia akianza Ayatul Kursi. Wifi aliwasha tochi ya simu, akaitoa pampu na kuiweka juu ya kiganja cha mama cha kushoto, kile kinachofanya kazi, aisikie ikitetema. Mama aliishika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi mwambieni apumue polepole, nataka kulala."

Kulipopambazuka ngozi ya makalio yake ilikuwa na alama za kamba.

Sista alirudi na kutufundisha kipimo ambacho sasa nakifundisha kila nyumba inayonikaribisha. Alipenyeza mkono chini ya godoro la hewa, kiganja kikitazama juu, usawa wa mfupa wa mkia. Vidole vyake vilibanwa kati ya mwili wa mama na mwakisu. Inatakiwa ibaki hewa ya kama sentimita mbili na nusu kati ya mkono na mgonjwa. Ukihisi mfupa, godoro halifanyi kazi, hata pampu ingurume namna gani. Juu ya kamba zinazobonyea katikati halikuwa na pa kusimama. Linataka godoro la sponji chini yake, na sponji nayo inataka mahali palipo sawa.

Mama alikataa katakata kuhamishwa kitanda. Mjomba, ambaye tangu mpira wake utolewe nje alikuwa kimya, alikwenda Kona ya Musa akarudi na plaiwudi, akaikata kwa kipimo, akaipiga msasa kingo zote, akailaza juu ya kamba. Sponji ikatoka chumba cha watoto. "Dada," alimwambia, "kitanda ni chako, mimi nimekiongezea tumbo." Mama akaridhika.

Kitufe nacho sista alikirudisha nyuma. Nambari zilizoandikwa pale ni uzito wa mgonjwa kwa kilo. Godoro lililojazwa kupita kiasi huwa gumu kama ubao na kidonda hakipati nafuu yoyote. Akafunua matandiko: karatasi ya nailoni ya kuzuia mkojo, blanketi lililokunjwa mara mbili, na leso tatu za shangazi, zote za mapenzi. Vifuko vya hewa vilikuwa vikipanda na kushuka chini ya mzigo huo bila mama kuhisi chochote. Shuka moja, alisema, tena isikazwe. Pampasi ibadilishwe mara inapolowa, badala ya kurundika vitambaa.

Mambo yakatulia. Nasema yakatulia kwa sababu hata usiku ulioturudisha nyuma ulikuja kwa utulivu. Mita yetu ya stima ni ya tokeni, na inalisha nyumba, friji ya duka la mbele na pasi ya mpangaji. Tokeni ziliisha baada ya usiku wa manane. Pampu ilinyamaza, na kwa vile ilinyamaza sote tulilala vizuri kuliko siku zote, mama pia. Adhana ya alfajiri ilitukuta godoro limelala bapa. Pembeni mwa kidonda palikuwa pameongezeka ukingo mweusi.

Kaka alikaa uani akalia. Si mtu wa kulia.

Pampu ya aina ile haili hata wati kumi. Inayomaliza tokeni ni friji na pasi. Kikao cha familia kiliamua kwamba tokeni zinunuliwe kila Ijumaa kabla ya swala, friji ya duka ipate mita yake, na plagi ya pampu isichomolewe na mtu kwa ajili ya kuchaji simu. Umeme wa Diani na Msambweni hukatika pia kwa hiari yake, hasa siku za mvua na upepo, na kwa hilo hakuna tokeni. Stima ikikatika, mikono inachukua zamu.

Hapo ndipo mjomba alipouliza swali lililokuwa moyoni mwa wengi. Mashine ni ya nini, kama bado tunaambiwa tugeuze?

Nililichukulia swali lake kwa uzito na nikalitafutia jibu. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alipokea askari waliovunjika uti wa mgongo vitani, watu ambao wakati ule walihesabiwa kuwa wa kufa, wengi wao kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Hakuwa na magodoro ya hewa ya kupishana. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mwenyewe alizunguka wodini usiku kuhakikisha. Wakaishi. Wazo la kuupokezanisha uzito kwa hewa lilikuja baada yake. Mwaka 1948 W. James Gardner, daktari wa upasuaji wa neva huko Cleveland, Marekani, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika juu yake.

Na hewa yenyewe inapita sponji nzuri kwa kiasi gani? Waingereza walilipima jambo hilo kati ya 2013 na 2016 kwa wagonjwa 2,029, nusu kwenye magodoro ya hewa ya kupishana na nusu kwenye sponji ya hali ya juu. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba waliopata kidonda kipya kilichochanika walikuwa asilimia 6.9 kwenye hewa na 8.9 kwenye sponji, tofauti ndogo ambayo watafiti hawakuweza kuapa kwamba si bahati. Wote walikuwa hospitalini na wauguzi wakiwageuza. Ukiondoa wauguzi, hakuna godoro linalobaki na sifa hiyo. Christopher Reeve, mwigizaji wa Superman aliyepooza mwaka 1995 kwa kuanguka kutoka kwenye farasi, alikuwa na pesa, wahudumu na vitanda ambavyo Kwale hatujawahi kuviona, na bado alipofariki Oktoba 2004 alikuwa akitibiwa kidonda cha kulalia kilichoingiwa na maambukizi.

Nilimweleza mjomba hivi: godoro linanunua muda. Linazipa saa mbili zetu nafasi ya kuchelewa kidogo bila adhabu. Anayegeuza ni mtu.

Alifikiri, kisha akasema usiku ni wake. Mjomba amevua samaki maisha yake yote na ameamka kwa maji kupwa na kujaa tangu utotoni. Kuamka saa saba na saa tisa za usiku hakukumsumbua. Mchana tuliupanga kwa swala, kwa sababu hizo hazisahauliki: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, na zamu za kujaza katikati. Nafasi ndefu iko kati ya isha na alfajiri, na vidonda vingi vya nyumbani nadhani huzaliwa hapo, watu wote wakiwa wamelala kwa haki yao. Sista alitufundisha kumlaza mama kwa mshazari, mto mgongoni, asiegemee mfupa wa nyonga moja kwa moja, na mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee.

Kisha godoro likatoboka. Ilikuwa pini ya hijabu ya mpwa wangu aliyeinama kumbusu bibi yake. Mtoto alitetemeka kwa hofu, mama akamshika mkono akamwambia haikuwa dhambi. Tulipata tundu kwa maji ya sabuni na beseni. Fundi wa baiskeli alibandika kiraka, kikashika mchana, kikabanduka usiku, maana gundi yake ni ya mpira na godoro ni la plastiki. Aliyetuokoa ni kijana wa ufuo wa Galu, anayetengeneza zile tiara kubwa ambazo wageni hutelezea baharini. Ndani yake zina mifuko ya hewa, na kuziba mifuko hiyo ndiyo riziki yake. Alisafisha mahali, akapaka gundi yake, akabandika kipande cha duara, akaweka tofali juu yake mpaka asubuhi. Alikataa kulipwa. Kiraka kile kipo hadi leo.

Kilichobaki kilikuwa chakula, na mama hakuwa na hamu nacho. Nyama mpya haioti kwa uji mtupu. Sista alitaka mayai, samaki, kunde, maziwa. Mama hapendi mayai. Wifi aliyasaga kwenye uji bila kumficha, akimwambia kila kijiko kina nini, na mjomba akaleta tafi na changu aliowachagua mwenyewe. Kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali na kufungwa upya, na sista akakipima kila alipokuja kwa karatasi yenye mistari. Sakafu yake, iliyokuwa ya manjano na harufu, ikawa nyekundu, kisha kingo zikaanza kuingia ndani. Ilichukua miezi. Kilifunga kabla ya Maulidi, na mama akaomba apelekwe barazani kusikiliza dufu.

Kidonda kilichofunga hakirudi kuwa ngozi ile ya zamani. Kovu ni dhaifu, na mahali palipooza mara moja huoza upesi mara ya pili, kwa hiyo zamu hazikuvunjwa. Ila mama aliimarika akaanza kujivuta mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na sista akasema sponji inamtosha. Godoro la hewa lilioshwa, likaenda Tiwi kwa mgema aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika uti wa mgongo. Ana umri wa kaka. Mkewe nilimwonyesha kipimo cha kiganja kabla sijakubali hata chai.

Pwani yetu ina minazi na miembe, ina bodaboda barabarani, na vijana wanaovunjika uti wa mgongo wanaishia vitandani kama yule. Mwaka 2012 Zack Kimotho alianza safari ya kiti cha magurudumu kutoka Nairobi akielekea Afrika Kusini, akichangisha fedha za kujenga hospitali ya watu wa namna hiyo, na nchi nzima ilimtazama. Mgema wa Tiwi anahitaji hospitali kubwa, ndiyo. Usiku wa leo anahitaji kifaa cha shilingi elfu chache na mtu wa kumgeuza.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji wa Ukunda, wa Msambweni, wa Lunga Lunga, wa kokote. Kama nyumbani kwenu kuna godoro la hewa lililokunjwa juu ya kabati tangu mgonjwa wenu apone au atangulie mbele ya haki, lishushe. Lioshe kwa sabuni, lianike kivulini, lijaze upepo usiku kucha uone kama linashika, kisha mkabidhi sista wa zahanati ya karibu. Yeye anajua nani analihitaji. Na serikali ya kaunti iweke magodoro ya kuazima katika hospitali zake, Msambweni, Kwale, Kinango na Lunga Lunga, ili mgonjwa asiyeweza kujigeuza asiruhusiwe kwenda nyumbani bila godoro, na bila jamaa yake mmoja kuonyeshwa jinsi ya kupenyeza mkono chini yake.